Vidato Saba Visivyojengwa

Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mama Pindo alipanda hadi kidato cha tisa cha ngazi yake, akaitoa shingoni futi ya kupimia nguo na kukipima. Kimo inchi saba, upana inchi kumi na moja. Kidato cha kumi hakikuwepo. Palikuwa na hewa tu, na chini ya hewa ndoo ya rangi waliyoisahau mafundi miezi minane iliyopita, walipoingia mitini.

Ng'ambo ya pengo, juu, kilikuwepo chumba chenye madirisha matatu. Binti yake, muuguzi anayefanya kazi nchi ya mbali, ndiye aliyeingia mkataba na kampuni ya ujenzi: chumba cha kushonea na ngazi ya vidato kumi na sita, "kwa matumizi ya mama yangu". Cherehani ilipandishwa kwa kamba kupitia dirishani, kwa mbwembwe na picha nyingi, kisha ngazi ikakwama katikati. Chumba cha chini kilikuwa na giza, macho ya Mama Pindo yalikuwa yameanza kumsaliti, na wateja wawili walikuwa wameshamnyang'anya vitambaa vyao kwa sababu ya mishono iliyopinda. Mtu aliyepewa jina kwa unyoofu wa pindo zake! Bila mwanga wa kule juu, kazi ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa inakwisha.

Ofisini kwa kampuni alikuwa ameshakwenda mara sita. Meneja, mtu wa tai fupi na maneno marefu, kila mara alimvutia kiti.

"Mama yangu, nakuonea huruma, kweli kabisa. Lakini wewe si mhusika wa mkataba. Aliyesaini ni binti yako. Mwenye haki ya kulalamika ni yeye."

Binti akalalamika. Akajibiwa kwa barua nzuri: ni kweli yeye ndiye mhusika, ila hakupata hasara yoyote, maana anaishi mbali, wala ngazi hiyo haipandi. Kwa hiyo aliyeumia hakuwa na haki, na mwenye haki hakuwa ameumia. Ndivyo mama na mwana walivyopigwa danadana, tena kwa karatasi yenye nembo. Mafedhuli wale!

Sasa, fundi cherehani hakati nguo nzima. Hukunja kitambaa katikati, akakata upande mmoja, na wa pili ukatokea wenyewe. Mama Pindo alikuwa ameishi hivyo maisha yake yote: akipewa nusu, anaijua nusu iliyobaki. Asubuhi ile alipima inchi saba juu ya kidato cha tisa, akapiga mstari wa chaki hewani. Mstari ukakaa. Akaweka mguu, mguu ukashikwa. Akapima cha kumi na moja. Kufikia saa tatu alikuwa juu, madirisha yote wazi, akitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Jirani aliyekuwa akianika nguo alimwona akipita hewani na furushi kichwani.

"Leo umepanda?"

"Nimepanda."

"Afadhali. Suruali ya mume wangu inakwisha lini?"

"Alhamisi."

Wateja hawakuthubutu kumfuata. Walisimama chini, naye akawashukia kuwapima na kupanda tena, mara ishirini kwa siku. Magoti yalimuuma vibaya.

Shauri lilipofika kwa msuluhishi, binti alisikiliza kwa simu iliyowekwa mezani. Alidai jambo moja tu, ngazi imaliziwe. Wakili wa kampuni akasimama.

"Mheshimiwa, mama huyu anapanda. Amepanda hata leo. Hasara iko wapi?"

Msuluhishi akamuuliza Mama Pindo kama ni kweli.

"Napanda, kwa akili yangu na magoti yangu. Wao walijenga tisa."

Msuluhishi akaandika: anapanda. Shauri likafungwa.

Wiki iliyofuata meneja alikuja na fomu ya kukabidhi kazi. Ilisema vidato vyote kumi na sita vimekamilika, na ilihitaji saini ya mtumiaji. Mama Pindo alikuwa amekaa kwenye kidato cha kumi na tatu, akichambua vifungo. Meneja alifika cha tisa, akanyoosha kalamu. Haikufika.

"Shuka basi, mama yangu. Ni saini tu."

"Panda wewe. Si vimekamilika?"

Meneja akatazama chini, akarekebisha tai. Akasifu mishono, akasifu malezi ya binti, akampaka mama wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa kwa dakika kumi nzima. Mama Pindo aliendelea na vifungo vyake. Mwishowe fomu ilirudishwa ofisini kwa kampuni bila saini, na ikapokelewa vilevile.

Binti alipopata likizo, baada ya miaka mitatu, mama alimshukia mpaka mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Walikumbatiana mpaka shuka la kushonwa likaanguka begani kwa mama. Kisha binti akataka kukiona chumba. Alipanda mbio hadi kidato cha tisa, akavua kiatu, akanyoosha mguu. Unyayo ukagusa kitu kigumu, baridi kidogo.

"Mama, kipo! Kinanibeba."

"Najua kipo. Rudisha mguu."

"Jamani mama, chumba nimekifanyia kazi miaka mitatu!"

"Rudisha mguu, mwanangu. Mimi napanda, wakasema sina hasara. Na wewe ukipanda, nani atabaki wa kusema hawakujenga?"

Binti alibaki na mguu umenyooka kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni. Akaurudisha mguu, akavaa kiatu, akakaa palepale na kutoa karatasi mkobani.

"Nianzeje?"

"Andika kwamba umefika kidato cha tisa, na chumba chako hujakiona."

Barua ilipelekwa kwa kampuni siku hiyohiyo. Haikujibiwa. Kwa wiki tatu walikula pamoja kila mchana kwenye kidato cha tisa, mama akimweleza jua linavyoingia kwa kila dirisha. Likizo ikaisha, binti akaondoka bila kukiona.