Mkono Uliompaka Jemadari

Fundi wa meno alikwenda dukani kununua brashi moja tu, ile nyembamba kama unywele wa kope, akatoka bila brashi.

Lilikuwa duka la vitabu na vifaa vya michezo. Ukutani, nyuma ya muuzaji, palikuwa na picha mpya kwenye fremu. Kaka yake ameshika kikombe kwa mikono miwili, anacheka mpaka magego yanaonekana. Mbele yake limepangwa jeshi la sanamu ndogo za plastiki, kila moja haizidi urefu wa kidole gumba. Chini ya picha waliandika: Jeshi Lililopakwa Rangi Vizuri Kuliko Yote.

Akasogea kaunta akatazama vizuri. Kutu ya begani kwa jemadari aliitengeneza yeye, kwa rangi ya kahawia iliyochanganywa na vumbi la msasa. Ufa wa kwenye ngao aliuchora yeye. Macho ya askari wote hamsini na wawili, meusi yenye nukta nyeupe, aliyachora yeye, jicho moja moja.

Muuzaji alimwona anavyotazama, akaanza kumsimulia. Bwana yule ana mkono wa ajabu, alisema. Alishinda mwezi uliopita, na baada ya kupokea kikombe alisimama robo saa nzima akiwafundisha watu namna ya kupaka macho: siri yake ni kubana pumzi mpaka brashi inyanyuke.

Fundi wa meno aliaga akatoka. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Hata hiyo siri ya kubana pumzi ni yake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika chumba cha nyuma cha kliniki. Kutwa alikaa kwenye kigoda kirefu, lenzi imefungwa kichwani, na mataya ya plasta yamejipanga mbele yake midomo wazi. Wagonjwa wakishavaa meno yao humshukuru daktari. Hilo halikuwahi kumkera. Daktari ndiye wanayemwona, na mgonjwa akiuliza, daktari humwambia bila kumung'unya maneno ni nani aliyeyachonga.

Kwa kaka yake mambo yalikuwa tofauti. Miaka minne nyuma alikuja na kiboksi, akasema mdogo wangu, wewe una mkono, nipakie hawa watatu tu. Watatu wakawa kumi, kumi wakawa jeshi zima, kisha wakaja mbwamwitu na wapiga mishale ambao hata hakujua ni wa nini. Kila alipokuja alimvika kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa avikwe. Alipoomba siku moja afuatane naye kwenye huo mchezo wa Jumamosi wa kupiganisha majeshi mezani, kaka yake alicheka, akasema ni mambo ya kelele na hesabu, atachoka bure. Na mwezi uliopita alipouliza jeshi liko wapi, aliambiwa limefungiwa kabatini lisipate vumbi.

Njia nzima alikuwa anaikumbuka ramani. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alichora ramani ya mito kwa wiki mbili. Kaka yake akaiandika jina lake mwenyewe, nayo ikatundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alilia. Mama akamwambia, ni kaka yako, sifa zake ni zako. Akanyamaza. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Jumamosi saa nane mchana aliingia karakana ya seremala, ambako kaka yake huchezea, bila kualikwa.

Wachezaji walikuwa chumba cha nyuma, watano, wamezunguka meza kubwa yenye vilima vya povu na nyumba za maboksi. Chumba kilinuka gundi na mbao mbichi. Seremala mwenyewe, mtu mnene mwenye penseli sikioni, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Fundi wa meno alijitambulisha kuwa ni dada yake Kamanda, maana hilo ndilo jina walilompa kaka yake, akasema amekuja kucheza. Wakafurahi. Msimu mpya unaanza leo, wakamwambia, amekuja siku yenyewe, kinachotakiwa ni kuchagua kundi lake la kwanza na kiongozi wake.

Kabla hajauliza makundi ni yapi, walishamchagulia. Mwalimu wa hesabu alimsogezea Wapozaji, watu wa mavazi meupe wanaotibu majeruhi, wakiongozwa na Malkia Umande. Alisema ni kundi rahisi kwa anayeanza. Mwingine akaongeza kuwa akina mama hulipenda. Malkia alikuwa amesimama juu ya ua, kichwa kimeinama upande, kama anasikiliza mtoto akilala. Fundi wa meno alimtazama, akamrudisha taratibu mahali pake.

"Kanuni zinasemaje kuhusu mgeni?" akauliza.

Seremala alieleza. Mgeni huchagua wa kwanza. Kiongozi mmoja hawezi kutumiwa na watu wawili msimu mmoja. Na kwa kuwa mgeni hana sanamu zake, kwa mwezi wa kwanza anaruhusiwa kuazima jeshi lolote atakalo, na mwenye jeshi atatumia jingine. Kanuni hiyo, alisema seremala, aliitunga Kamanda mwenyewe ili kuvuta watu wapya.

Wakati huo huo kaka yake akaingia na sanduku lake la vishubaka. Alipomwona dada yake alisimama mlangoni kama aliyesahau alichofuata.

"Basi nachagua Watu wa Chuma," fundi wa meno alisema. "Kiongozi wangu ni Nyundo, jemadari mwenye kutu begani."

"Huyo ni wangu," kaka yake akasema.

"Alikuwa wako."

Kaka yake alijaribu kucheka. Aliwaeleza wenzake kwamba dada yake ni mtu wa utani, kwamba Watu wa Chuma ni kundi gumu na mwanzoni litamvunja moyo. Alikuwa anaongea na kila mtu chumbani isipokuwa yeye. Seremala alishusha penseli, akamtazama mgeni usoni.

"Dada, unamtaka Nyundo, au unataka kumnyang'anya kaka yako?"

"Vyote viwili."

Seremala akaandika jina lake kwenye orodha.

Alicheza siku hiyo akashindwa vibaya. Watu wa Chuma hutembea polepole, na Nyundo hutoa amri akiwa mbali, nyuma ya wenzake, mahali asipoweza kuguswa. Yeye alimtuma mbele kila mara. Jumamosi ya pili alishindwa tena, na safari hii kaka yake, aliyekuwa amekaa na kundi la kuazima asilolitaka, alitabasamu. Hasira ilimpanda kichwani mpaka akahesabu dadu vibaya.

Katikati ya wiki mama alipiga simu. Alikwishasimuliwa kila kitu, upande mmoja. Alisema, huoni aibu mwanangu, mtu mzima, kugombania vinyago na kaka yako mbele za watu? Fundi wa meno alianza kumweleza habari ya kikombe, mama akamkatiza: amwache mwenzake, ana kitu kimoja tu cha kumfurahisha. Baada ya simu alibaki ameshika taya la plasta mkononi. Akagundua amelibana mpaka jino moja limechomoka.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, kaka yake alikuja kliniki. Ameleta mfuko wa plastiki. Alipenya mpaka chumba cha nyuma, akatazama huku na huku, akasifia lenzi mpya. Fundi wa meno hakuacha kazi. Alimwambia anataka jambo moja tu: Jumamosi asimame mbele ya wenzake aseme ni nani aliyepaka.

"Rangi ni rangi," kaka yake alisema. "Sanamu nimenunua mimi, nimeziunganisha mimi, nimezipigania mimi. Nikisema, wewe utapata nini?"

"Utakuwa umesema."

Kaka yake alishusha pumzi kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Kisha akatoa kilichokuwemo mfukoni, akakiweka juu ya meza kati ya mataya. Kilikuwa kile kikombe.

"Haya, chukua. Kaa nacho. Yaishe."

Alipoondoka, fundi wa meno alikigeuza. Jina la kaka yake lilikuwa limechongwa ubavuni kwa herufi kubwa, limekatwa ndani ya chuma, hata msasa usingeliondoa.

Alikaa akilitazama jina lile mpaka mwenzake wa mapokezi akaja kumwambia watu wameenda kula. Hakwenda kula. Alimtoa Nyundo kwenye mkoba, kwa kuwa mwezi wa kuazima ulikuwa haujaisha, akamweka kwenye kibakuli cha kioo, akammiminia spiriti anayosafishia nta. Kwanza hakukutokea kitu. Halafu kutu ya begani ikaanza kutoa moshi wa kahawia ndani ya spiriti. Alichukua mswaki wa zamani akasugua. Ngao, mkanda, vidole, vyote vikaondoka. Macho aliyaacha mwisho. Usiku wa siku tatu aliutumia kwa uso ule. Kuufuta hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Alidhani angefurahi. Aliona uchungu, akaendelea kusugua.

Jumamosi ya tatu alifika mapema. Kaka yake alipokuja, alimkabidhi Nyundo kiganjani, mbele ya wote. Plastiki tupu ya kijivu, laini, isiyo na uso.

"Nimekurudishia chako," alisema. "Changu nimekitoa."

Kaka yake alimgeuza jemadari mara mbili, kama anatafuta upande wenye rangi. Shingo ilikuwa imemvimba. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mashindano ni mwezi ujao, na jeshi lisilopakwa rangi haliingii. Fundi wa meno akamjibu kwamba analijua hilo, na kwamba bado wamebaki hamsini na mmoja, spiriti anayo ya kutosha, aseme tu.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeelewa kwanza. Alichukua mbwamwitu wake mmoja, akamtazama macho, meusi yenye nukta nyeupe.

"Hawa nao ni wewe?" akauliza. "Kamanda aliniambia amenipakia yeye, kwa hisani."

"Mbwamwitu ni mimi. Na wapiga mishale hawa, wawe wa nani, ni mimi."

Kila mmoja aliinamia sanamu zake. Karibu theluthi nzima ya meza ile ilikuwa kazi yake, na shukrani za miaka minne zilikwenda kwa mtu mmoja. Walimgeukia Kamanda wakingoja aseme. Alifunga sanduku lake, kishubaka kimoja baada ya kingine, akatoka, na mlango wa karakana ukasikika ukigonga.

Seremala alikohoa. Akamwambia fundi wa meno kwamba kwa kuwa amerudisha kiongozi, jeshi lote linarudi kwa mwenyewe, na kanuni inamtaka achague upya, na safari hii asome kwanza kadi za maelezo ya makundi. Alimletea kopo zima. Wenzake wakaanza mechi yao kwa sauti ndogo, naye akakaa kwenye benchi la randa, akasoma kadi moja moja. Hakuna aliyethubutu kumshauri.

Alipita Wapozaji, akapita watu wa mwituni. Alisimama kwa Wachimbaji. Sanamu zao kwenye rafu ya seremala zilikuwa bado mpya, hazijaguswa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwataka: wanasikia amri kwa karibu tu, hawana mishale wala farasi. Kiongozi wao aliitwa Bi Sururu. Alikuwa kikongwe mfupi, sururu begani, mdomo wazi akipiga kelele, na ndani ya mdomo ule meno yalikuwa matatu. Fundi wa meno alitoa lenzi yake mkobani, akamsogeza karibu. Aliyemchonga alikosea: magego yako mbele, meno ya mbele yako nyuma. Akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu siku ile ya dukani. Kwenye kadi iliandikwa kwamba Bi Sururu hutangulia wenzake, na kwamba akishapiga hatua mbele hawezi kurudi nyuma.

"Huyu," alisema.

"Huyo ni mgumu kuliko wote," seremala akasema.

"Simtaki kwa urahisi wake."

Alishindwa siku hiyo pia, lakini Bi Sururu alikufa katikati ya meza, na wachimbaji saba wamemzunguka. Jumamosi iliyofuata alimshinda mwalimu wa hesabu. Sanamu zake hazikupakwa kitu, na kwa michezo ya kawaida hakuna aliyemdai rangi. Waliokuwa wanamwomba awapakie aliwaambia waje kliniki na brashi zao, awaonyeshe, wapake wenyewe.

Kaka yake hakwenda mashindano. Mama alikaa wiki tano bila kupiga simu, na alipopiga alizungumzia magoti yake tu. Fundi wa meno alimsikiliza habari za magoti mpaka mwisho, wala hakuomba radhi.

Wiki ya saba kaka yake alirudi karakana. Aliwasalimia wote, akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, mkabala na dada yake. Akamtoa Nyundo. Alikuwa amepakwa. Rangi ya ngao ilikuwa imemwagikia mkono, kutu ilifanana na matope, na macho, Mungu wangu, jicho moja lilitazama juu na jingine lilitazama mlango.

"Nimempaka mwenyewe," alisema. Alisema kwa sauti ya kutosha chumba kizima.

"Naona."

Kaka yake alingoja kama kuna neno jingine linakuja. Alitazama sanamu yake, akaiweka chini, akamwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba kubana pumzi ni kazi ngumu kuliko alivyokuwa anawaelezea watu.

Fundi wa meno bado alikuwa na hasira naye. Aliisikia palepale chini ya mbavu. Alipanga wachimbaji wake mstari wa kwanza, akamweka Bi Sururu mbele yao, akamsukumia kaka yake dadu.

"Anza," akamwambia.