Sindano ya Upande wa Pili

Gego lilichagua siku. Redio, kama walivyomwita kiwandani, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda katika nyumba ya wageni ya kampuni, shavu la kulia limeumuka kama unga uliotiwa hamira, mate yanamchuruzika ndani ya bakuli la plastiki kwa sababu kuyameza kulikuwa adhabu. Karafuu alizotafuna usiku kucha zilimwachia ulimi unaowasha na maumivu yaleyale. Wifi yake, mke wa kaka yake, alipiga magoti mbele yake akamshikia kikombe cha maji ya chumvi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uliishia kwenye kiwiko, na mkono wa gauni ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Sukutua, wifi. Usimeze."

"Nimeze kwa koo gani?"

"Basi leo nimepata raha. Miaka yote nakuomba unyamaze, kumbe dawa yako ni jino."

Redio alitaka kucheka, akaishia kushika taya na kulia kama mtoto.

Jana walikuwa wamesafiri kutwa nzima kwenye lori la kampuni, kutoka kiwanda cha magunia hadi makao makuu, mji ambao hawakuwa na ndugu wala jirani. Leo kabla ya adhuhuri kikao kingeamua nani alaumiwe kwa mkono wa wifi. Mnyapara alisema mwanamke aliutia mwenyewe kwenye mashine kwa uzembe. Uzembe ukithibitika, hana fidia, hana kazi, na chumba cha kampuni anacholala na wanawe anapewa mtu mwingine. Wifi mwenyewe hakujua lolote. Aliingia zamu, akainama kuunga uzi uliokatika, akazindukia hospitali.

Aliyeona ni Redio. Alikuwa upande ule wa mashine ya kusokota alfajiri ile mnyapara alipofungua kifuniko cha chuma kinachokinga mikono, akakiegemeza ukutani na kusema kinachelewesha kazi.

Wanawake wa kiwandani walikuwa na kawaida yao. Zamani walituma watu watano kwa wakubwa wakaseme, na kila mmoja akaitwa pembeni, akapewa chai na neno lake la kusema. Wakarudi na hadithi tano zinazogombana. Ndipo wakaapa kwamba kuanzia siku hiyo utakwenda mdomo mmoja tu. Safari hii hata kura hawakupiga. Nani mwingine, kama si yule ambaye mashine zote zikinguruma sauti yake bado inafika getini?

Asubuhi hiyo walianza na hospitali ya serikali. Walipanga foleni mpaka jua likawachoma visogo, ndipo wakafika dirishani. Mwanamke wa dirishani aliipindua kadi ya matibabu ya Redio, akairudisha.

"Kadi hii ni ya kwenu."

"Ndiyo, mama. Tumetoka huko."

"Inatibu huko. Hapa lete barua ya rufaa kutoka hospitali yenu."

Wifi akasogea. "Dada yangu, kwetu ni safari ya siku nzima. Na jino liko hapa."

"Jino liko hapa, kadi iko kwenu. Mimi nifanyeje?" Akanyoosha shingo. "Anayefuata!"

Nje ya geti walilikuta gari la ofisi linawasubiri. Afisa utumishi, mtu mnene mwenye sauti laini na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, alishuka kuwafungulia mlango. Hakuna aliyewahi kuwafungulia mlango. Nani alimwambia wako pale, Redio hakuuliza. Mgonjwa haulizwi uji.

"Jamani mama zangu, mnahangaika na foleni za watu wakati kampuni ina zahanati? Pale pana daktari wa meno mzuri kabisa. Dakika chache tu."

"Na kikao?" aliuliza wifi.

"Kikao kipo palepale. Mkurugenzi anasafiri mchana, kwa hiyo hakisogei. Lakini atasemaje na shavu hili? Acha atibiwe, aje aongee kama redio mpya." Alicheka. Jina lile la kiwandani alilijua, na Redio alijisikia vibaya kulisikia kinywani mwake.

Ndani ya gari wifi alimwinamia sikioni.

"Wifi, kaza moyo. Sema kwanza, tung'oe tukitoka."

"Siwezi. Kichwa kinapasuka."

"Hata kama unasema kwa kulia, sema."

"Siwezi, wifi."

Wifi akaurekebisha mkono wa gauni uliobanwa kwa pini. Angeweza kumwambia kwamba yeye alivumilia zaidi ya jino. Hakusema, akatazama nje ya dirisha, na Redio akamshukuru moyoni kwa kumwachia aibu yake.

Zahanati ya kampuni ilinukia dawa ya sakafu. Redio alilazwa kwenye kiti kilichorudi nyuma chenyewe, taa ikamwangukia usoni. Afisa utumishi alisimama mlangoni na daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Huyu ni mtu wetu muhimu," alisema afisa. "Ana kikao sasa hivi. Sitaki asikie maumivu hata kidogo. Hata kidogo, daktari. Umenielewa?"

Daktari alitazama sakafu. "Nimeelewa, bosi."

Sindano ya kwanza iliingia nyuma ya gego, na ya pili karibu yake. Mdomo wa chini ukaanza kufa upande wa kulia, kisha nusu ya ulimi, na Redio, Mungu amsamehe, alihisi furaha. Maumivu yalikuwa yanaondoka kama mgeni aliyekaa mno. Kisha daktari akajaza sindano ya tatu, akazunguka upande wa kushoto.

"Huku hakuumi," alisema Redio, na maneno tayari yalikuwa mazito.

"Ni kwa usalama wako, mama."

"Daktari, huku hakuumi!"

"Fungua mdomo. Fungua vizuri." Hakumtazama machoni. Mlangoni, afisa alikuwa akifuta miwani kwa tai yake.

Gego lilitoka na usaha wake. Daktari alimjaza pamba kinywani akamfunga taya kwa kiganja. "Uma hivyo hivyo. Usifungue mpaka damu ikauke, saa nzima. Ukifungua, haitakoma." Jino alimfungia kwenye kipande cha bendeji akamtia mkononi, kama mtu anayerudisha chenji.

Chumba cha kikao kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo lilelile. Meza ilikuwa ndefu na inang'aa. Upande mmoja walikaa mkurugenzi, mwanasheria wa kampuni, afisa utumishi, na mnyapara ambaye alikuja kwa gari dogo, si kwa lori. Upande wa pili mawifi wawili.

"Shahidi," alisema mwanasheria. "Tueleze ulichoona."

Redio alifungua mdomo. Midomo haikuwapo. Ulimi ulikuwa kipande cha nyama ya mtu mwingine kilichosahauliwa kinywani mwake. Alisukuma maneno yale aliyoyarudia kichwani njia nzima, mnyapara alifungua kifuniko, nimeona kwa macho yangu, na kilichotoka ni mlio na mate mekundu.

"Anasemaje?" aliuliza mkurugenzi.

Alitoa pamba. "Nya... nyahaa... ahu... hihu..."

Mnyapara alitazama dari akiuma mdomo kuzuia kicheko. Redio alionyesha kwa mikono, akifungua kitu hewani na kukiegemeza. Alimwelekezea mnyapara kidole. Kisha akainyakua kalamu iliyokuwa mezani.

"Hapana, mama," mwanasheria aliichukua taratibu. "Ushahidi wa kikao hiki ni wa mdomo. Ndivyo kanuni ilivyo, kwa kila mtu."

Wifi alisimama. "Amechomwa sindano na nyinyi wenyewe! Subirini kidogo tu, ganzi itaisha. Mimi najua anachotaka kusema. Kifuniko..."

"Wewe ulikiona kifuniko kikifunguliwa?"

"Sikukiona, lakini..."

"Ulizimia. Umesema mwenyewe. Kaa, tafadhali."

Redio alipiga ngumi mezani na kupayuka, kwa nguvu zake zote za kiwandani, sauti isiyo na herufi. Damu ikaruka juu ya mbao zinazong'aa. Mkurugenzi akavuta kikombe chake kando.

"Anataka nini huyu?"

Afisa utumishi akainama mbele, kwa upole uleule wa kufungulia watu mlango.

"Anaishukuru kampuni, mheshimiwa. Kwa matibabu. Tumemtoa jino asubuhi hii."

"Aaa. Ni wajibu wetu," alisema mkurugenzi, akatazama saa. "Kuna shahidi mwingine?"

Hakuwapo. Mwanasheria aliandika neno moja, uzembe, na mfagizi akaitwa. Alikuja na kitambaa chenye unyevu, akaipangusa damu bila kumtazama mtu, na mbao zikang'aa tena.

Lori liliondoka mchana huohuo bila mzigo. Waliketi nyuma juu ya turubali, vumbi linawapiga. Barabarani, mji ulipokwisha, ulimi ulianza kuchoma, midomo ikarudi, na maumivu nayo yakarudi yote. Redio alilamba pengo, akameza damu.

"Mnyapara alifungua kifuniko," alisema. Kila herufi ilikuwa mahali pake.

"Najua, wifi," alisema mwenzake, akiangalia barabara inavyobaki nyuma.

Walifika usiku, zamu zinapobadilishana. Wanawake walikuwa wamejaa getini, vumbi la nyuzi limewageuza nywele kuwa za vikongwe, na walipoliona lori walipiga vigelegele.

"Redio! Umewaambia?"

"Umewapasulia, siyo? Tuambie basi!"

Mtoto wa mwisho wa wifi alimkimbilia mama yake, akashika mkono wa gauni uliokuwa mtupu. Nyuma yao, mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mashine ya kusokota ilikuwa ikinguruma, msichana mgeni ameinama juu yake anaunga uzi, na kifuniko cha chuma kilikuwa kimeegemea ukuta uleule.

Wote walimsogelea wamsikilize. Redio alifungua mdomo, na mdomo ulikuwa mzima kabisa.