Samaki wa Mlango wa Nne

Ngendo aliwasha meko apike chai ya asubuhi, na nyumba ikajaa harufu ya samaki. Hakuwa na samaki. Hajawahi kupika samaki tangu aolewe, kwa sababu mume wake Gachau alimwambia wiki ya kwanza kwamba samaki ni mifupa na uvundo, na kwao Gatundu hakuna mtu amewahi kufa kwa kumkosa.

Gesi ilikuwa ya landlord, Kiama. Alichimba tangi nyuma ya ploti hapo Kimbo, akaelekeza humo vyoo vya nyumba zote na mavi ya ng'ombe wake wawili, akapitisha mpira wa gesi hadi kwa kila jiko. Sharti lake lilikuwa moja: mpangaji asiache haja yake kazini wala hotelini, ailete nyumbani. Tangi liliposhika vizuri, moto wa kila nyumba ukaanza kunukia chakula ambacho wenye nyumba walikula jana yake. Kiama alikagua mipira, akaona haivuji, akaenda kukamua. Mzee Absalom wa mlango wa pili, bawabu, moto wake ulinukia ugali na sukuma, naye akamshukuru Mungu kwamba hana siri.

Sasa Ngendo alisimama mbele ya moto wake, roho ikimchoma. Yeye jana alikula githeri. Gachau hufanya shifti ya usiku kwa kiwanda Thika, na hurudi kulala wakati Ngendo ameshaenda kuuza mboga stage. Tena harufu ileile ilikuwa ikitoka mlango wa nne: samaki wa nyanya na ugali wa mtama. Hapo anaishi Perez, mama yake Mitchell, msusi mwenye kicheko kisichojua kuisha. Ai, Ngendo alimchukia hadi sufuria zake.

"Leo nyumba mbili zinanukia kitu moja," Absalom akasema, akipita na ndoo.

"Pita tu, mzee."

"Wivu ni kidonda, mama."

Ngendo akamwambia Gachau awe anatumia choo cha kiwanda. Gachau akakubali bila kuuliza. Moto ukafifia, maharagwe yakakataa kuiva, na Kiama akaja kubisha mlango, akitaka kujua ni nani anamnyima. Gachau akarudi kwa choo cha ploti, na harufu ya samaki ikarudi naye.

Basi Ngendo akameza kiburi, akaenda mlango wa nne.

"Mama Mitchell, hebu niambie, samaki wewe hupika aje?"

Perez akamwekea kiti. Akamweleza polepole: umkaange kwanza, nyanya usizionee huruma, dhania mwisho. Hakuona aibu hata kidogo. Ngendo aliitazama mikono yake muda wote, akitamani iungue.

Jumapili Gachau alikuwa nyumbani, na Ngendo akapika. Gachau akaangalia sahani, akaisukuma.

"Si unajua mimi sikulangi samaki."

"Onja tu."

"Inanuka, Ngendo. Nipatie chai."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesema ukweli. Ngendo akala sahani yake, akala na ya Gachau, akinyonya kila mfupa.

Jumatatu moto ulinukia samaki wake mwenyewe, na siku hiyo nzima alipumua. Aliuza mboga akiimba.

Jumanne aliwasha meko tena. Moto ulikuwa wa buluu, wenye nguvu. Ulinukia samaki, nyanya, dhania, na ndimu.

Ndimu Perez hakuwa ameitaja, na Ngendo hakuwa ameitia. Ngendo alisimama hapo mpaka maji yakachemka, akatia majani na maziwa, akajaza chupa ya chai ya Gachau, akaifunga vizuri isije ikapoa kabla hajafika.