Mistari Minne ya Theuri

“Nikizima jiko nikule nini? Hiyo mwangaza yako?”

Mama Wacera alikuwa amesimama mlangoni pa hoteli yake, mwiko mkononi, na sauti yake ilikuwa imeshafika msikitini. Mtaa mzima wa Majengo, Nyeri, uliijua sauti hiyo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, na mwaka wenyewe ni ule kahawa ilipopanda bei hata wakulima wa Mukurweini wakawa wanaagiza nyama wakiwa bado wamesimama. Mabenchi yalijaa. Hakuna mtu aliyekuwa akila. Wote walikuwa wanasikiliza.

“Leo peke yake, Mama Wacera,” Theuri alisema kwa upole. “Moshi ya jikoni inapita juu ya ukuta inaingia kwangu. Iko na chumvi.”

“Sikieni huyu! Sasa nipikie watu maji ya mto? Ngatia, wewe umewahi kusikia mtu akishtaki chumvi?”

Ngatia, fundi wa cherehani, alikuwa na mashine yake kwenye baraza la wote wawili, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi uliompita. Alitoa pini mdomoni kwanza.

“Nimesikia mtu akishtaki mchawi. Nimesikia akishtaki mbuzi ya jirani. Chumvi, bado.”

Watu wakaangua kicheko. Theuri alingoja kiishe, kama alivyozoea kungoja darasani.

Alikuwa amerudi nyumbani miaka mitatu iliyopita, baada ya kuambiwa kwenye maabara aliyokuwa akifanyia utafiti Nairobi kwamba nafasi yake haipo tena. Akapata kazi ya kufundisha fizikia katika shule ya harambee, fizikia ya chaki na ubao, maana vifaa vyenyewe havikuwepo. Likizo ikifika alipanda Mlima Kenya akarudi na mawe mfukoni. Aliyasaga mawe hayo katika chumba alichopanga, ukuta mmoja na jiko la Mama Wacera, akayachoma kwa moto wa gesi na kuutazama ule mwanga kupitia chombo kikuukuu alichokinunua kwenye mnada, maabara moja ya wakoloni ilipofungwa. Majengo walikiita darubini ya Mwalimu. Kila mtu alikuwa ameshapewa zamu ya kuchungulia, Mama Wacera akiwa wa kwanza.

Jambo lenyewe alikuwa amewaeleza mara nyingi. Ukichoma chumvi, moto hugeuka manjano. Ukiupitisha mwanga huo wa manjano katika chombo kile, kinautawanya, na unachokiona ni mistari miwili myembamba imesimama bega kwa bega kama mapacha. Hiyo ni sodiamu, iliyomo ndani ya chumvi. Vitabu vyote vinasema miwili. Lakini lile jiwe jeusi aliloliokota chini ya barafu ya mlima lilimwonyesha minne.

Miwili ni ya chumvi, alisema Theuri. Je, miwili mingine ni ya nani?

Swali hilo lilikula usingizi wake miezi mitano. Alipiga picha ya ile mistari akaipeleka Nairobi kwa profesa wake wa zamani. Profesa alisema anakuja Jumatatu, pamoja na wageni wawili kutoka ng’ambo, na kwamba mistari hiyo ikisimama bila chumvi ya jikoni kuwa karibu, Theuri atarudi maabara siku hiyohiyo, ndani ya gari lao. Ngatia alikuwa ameshayapa madini hayo jina: Theuriamu.

“Mama Wacera,” Theuri alisema sasa, akisogea karibu ili watu wa mabenchi wasisikie, “niliacha kazi.”

Mwiko ulishuka.

“Kazi gani?”

“Ya shule. Mwezi jana. Nilimwambia mwalimu mkuu mbele ya wenzangu kwamba sitazeekea kwenye chaki kama yeye. Hakuna mlango wa kurudi pale. Niko na hii Jumatatu tu.”

Mama Wacera alijua nani ameposa nani kutoka Majengo hadi stendi ya basi, na tena alijua kabla ya wazazi. Hili hakulijua. Lilimuuma kuliko lile la chumvi.

“Mwezi mzima unakunywa chai yangu asubuhi, unavaa tai, unatoka. Ulikuwa unaenda wapi?”

“Nilikuwa nazunguka.”

Mama Wacera aligeuka na mwiko wake. Aliingia ndani, na wote wakasikia maji yakimwagwa juu ya makaa. Wateja walipoanza kunung’unika aliwatoa na mandazi baridi ya asubuhi. Mmoja wa wale wa kahawa akauliza, “Ati hoteli inafungwa kwa sababu ya taa?” akajibiwa kwamba kama ana haraka, Mukurweini kuna migomba, aende akatafune majani.

Chumbani kwake, Theuri alitundika blanketi dirishani. Aliosha mikono kwa maji ya mvua, akauchoma tena na tena ule waya mwembamba wa kuchotea unga wa mawe, maana hata jasho la kidole lina chumvi. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie chumba kile, moto ulisimama wa buluu, safi, bila hata tone la manjano. Akachota unga wa jiwe kwa ncha ya waya, chungu nzima, akautia motoni na kuweka jicho.

Minne. Ming’avu kuliko siku zote.

Alicheka peke yake gizani. Kwa hiyo haikuwa chumvi ya Mama Wacera. Jiko lilikuwa limekufa na mistari bado ipo; imetoka katika jiwe, katika mlima wenyewe. Aliwaona wale wageni wakiinama kwenye chombo chake mmoja mmoja. Alijiona yumo ndani ya gari.

Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba kitu ulichokiona mara moja hujakiona, basi akachota unga kidogo zaidi, apime kama mwanga utapungua. Ulipungua. Ila zile nafasi nyeusi kati ya mistari nazo zikapungua. Akachota kidogo tena. Mstari wa kwanza ukasogeleana na wa pili, wa tatu na wa nne, kama mlango unaorudishwa polepole. Alipobakiza punje chache za unga kwenye waya, mistari ilikuwa miwili.

Alikaa. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, kwenye kile kipande cha gazeti ambacho Mama Wacera humfungia chumvi anaponunua yai la kuchemsha. Alikifungua. Akachota ile chumvi ya hoteli, chungu nzima, akaichoma.

Minne.

Hakuhitaji kitabu. Chumvi ikizidi motoni, mvuke wake hujaa hadi kingoni, mahali penye ubaridi kidogo. Ile iliyo katikati inawaka, na ile ya kingoni inaunyonya mwanga wa dada yake kabla haujatoka. Kila mstari unapata ufa mweusi katikati, na jicho linaapa limeona miwili. Hakukuwa na mgeni yeyote ndani ya jiwe. Mlima ule umejaa sodiamu toka chini hadi juu. Alikuwa amebeba chumvi mfukoni miaka mitatu, akiishusha kutoka kwenye barafu kama mali.

Aliufunga mtungi wa gesi. Akabaki amekaa, blanketi likiwa bado dirishani, hadi aliposikia barazani kumejaa miguu.

Alipofungua mlango jua lilikuwa linaelekea kuzama. Walikuwepo Ngatia, akina mama wa soko na vikapu vyao vitupu, na hata yule wa Mukurweini aliyeambiwa akale majani.

“Mwalimu,” Ngatia alisema, “tupige vigelegele ama tungoje wazungu?”

Kabla hajajibu, Mama Wacera alitokea kwenye kona amebeba sufuria kwa vitambaa, jasho likimtiririka.

“Pisheni! Nimepika kwa Murugi, huko nyuma ya msikiti, moshi isikufikie.” Aliitua barazani, akafunua. Ilikuwa nyama na viazi. “Na chumvi sijaweka. Nimengoja wewe useme.”

Wote walimtazama.

“Weka, Mama,” Theuri alisema.

“Ati niweke? Umemaliza?”

“Nimemaliza. Weka tu. Hakuna kitu.”

Ngatia alifungua mdomo, kisha akarudisha pini zake humo, moja moja.

“Na profesa?” Mama Wacera aliuliza. Sauti ile iliyokuwa ikifika msikitini sasa haikufika hata kwenye mashine ya Ngatia. “Si umpigie simu asije?”

“Simu iko posta, na posta imefungwa mpaka Jumatatu. Wakifungua, yeye atakuwa njiani, ameshapita Kenol na wageni wake.”

“Na shule?”

Theuri alitikisa kichwa.

Akina mama wa soko walianza kuokota vikapu. Mmoja akanong’ona kwamba alijua tangu mwanzo, mwenzake akamfinya. Mama Wacera alitoa kopo la chumvi kwenye aproni. Alikuwa amelibeba muda wote. Akanyunyiza, akakoroga, akaonja kwa ncha ya mwiko, akaongeza kidogo. Kisha akaisukuma nusu ya mlango wa hoteli kwa kisigino.

“Mwalimu, ingia ukule.”

“Sina njaa, Mama.”

“Mimi sijakuuliza mambo ya njaa. Ingia, kaa hapo karibu na ukuta. Ngatia, mpishe.”