Umefika Wapi

Wiki ya sita baada ya mazishi, saa kumi na dakika kumi alasiri, mshonaji wa sare za shule alikuwa akikata sketi, marinda manane kwa kila moja, pale kifungua mimba wake aliporudi na kuketi upande wa pili wa meza. Alikuwa na miaka kumi na minane, vilevile kama alivyoondoka. Mkanda wa usalama ulimpita kifuani, ukitokea juu ya bega pasipo na kitu na kuishia kiunoni pasipo na gari. Kichwa kilikuwa kimeinamia simu, kidole gumba kikiandika. Mama alimwomba asogeze kiwiko, maana kilikuwa kimekalia kitambaa. Hakusogea. Mama akakata akikizunguka.

Tangu siku hiyo alikuja kila alasiri kwa saa ileile, saa ambayo pikapu ya nyumbani, aliyokuwa akipelekea sare, iligonga nyuma ya lori lililosimama. Alikaa robo saa. Alipoondoka aliacha punje za kioo chini ya kiti, na mdogo wake, kitinda mimba wa miaka kumi na saba, alizifagia pamoja na nyuzi. Majirani walizoea. Walisema vijana wa leo wamefungwa kwa simu kama mbuzi kwa kamba. Mama aliitikia. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hivyo msibani, na hakuna aliyembishia.

Mwalimu wa udereva aliyemfundisha marehemu alipopata habari aliomba kuwaleta wanafunzi wake kila Jumatano. Alisema picha za ajali zinaingia sikio hili na kutokea la pili. Pengine marehemu mwenyewe angewakaa akilini. Mama alikubali, kwa sharti wasikanyage vitambaa. Walikuja watano watano, wakaketi kwenye benchi kati ya marobota, simu zao zikiwa zimekusanywa katika kikapu cha vifungo.

Mwalimu alisimama mbele ya meza akionyesha kwa rula ya fundi. Tazameni mkanda, umefungwa sawasawa. Tazameni mkono wa kushoto, uko pale usukani ulipokuwa.

"Huyu anajua kufunga mkanda kukushinda," mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Na wewe uliyegonga lango la chuo kwa kurudi nyuma, unasemaje?"

Mwalimu hakuwakemea. Kila alichomfundisha binti yule, isipokuwa kimoja, alikuwa akikifanya. Na kila wiki, alipofika hapo, alivua miwani akaifuta.

Jumatano ya nne alikuja msichana ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa kuwa hakuacha neno likalala. Wote walikuwa wamemtazama marehemu usoni. Wakili aliinuka, akazunguka nyuma ya kiti, akasoma kilichokuwa kwenye kioo cha simu.

"Meseji zinatoka kwa Mama," alisema. "Umefika wapi? Halafu, Mbona kimya? Halafu simu mbili hazikupokelewa. Halafu, Nijibu. Hapo ndipo alipoanza kuandika."

Cherehani ilisimama.

"Nilidhani ameegesha," mama alisema.

"Samahani, mama. Umefika wapi huulizwa mtu aliye njiani."

Mwalimu alimwambia akae, akamkumbusha kuwa wako nyumbani kwa watu. Hakumwambia kwamba amekosea. Walipoaga, mama aliwagawia simu zao kwa mkono wake mwenyewe. Nne kati ya tano zilikuwa zimepigiwa kutoka nyumbani, na wenyewe walipiga kujibu kabla ya kufika langoni.

Walipobaki wawili, mama alimweleza kitinda mimba kwamba aliuliza kwa mapenzi, kwani mzazi asiyeuliza ni mzazi gani. Kitinda mimba aliendelea kufunga sketi kumi kumi. Akasema taratibu kwamba dada yake aliwahi kuchelewa kupokea mara moja tu, akanuniwa siku tatu.

Shule zilikaribia kufunguliwa. Kitinda mimba alitimiza miaka kumi na minane, akapata leseni, pikapu nyingine ikanunuliwa, na sare zilikuwa lazima zifike. Siku ya kwanza mama alimshika mabega, akamtaka aape kwamba hataigusa simu akiwa kwenye usukani. Akaapa. Mama akaufunga mkanda mwenyewe, akauvuta mara mbili, akasimama kibarazani hadi gari lilipopinda kona.

Saa kumi na dakika kumi kifungua mimba aliketi mahali pake. Mama alishona mshono mmoja, akaufumua. Akatazama saa ya ukutani. Huko mjini pangekuwa na msongamano, na malori mengi. Uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akachukua simu.

Kifungua mimba aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza, akamtazama.

"Usinitazame hivyo," mama alimwambia. "Nikishajua alipo, nitatulia."

Iliita mara moja tu.

"Abee, mama."

Nyuma ya sauti ile injini ilikuwa ikinguruma, na honi ya mtu ikapita. Kifungua mimba akainamisha kichwa. Mama alishusha pumzi, moyo ukamrudi mahali pake, na kwa kuwa sauti ya mwanawe ilikuwa tamu masikioni, akamuuliza kama huko nako mvua inanyesha.