Nani Anaifungulia Ngano?

Siku ya tisa tangu aloweke mbegu, Gavina Porcu alifungua kabati la chumba cha nyuma kwa mara ya tatu asubuhi ile, akamulika tochi, akaganda. Ngano ilikuwa imeanza kuwa kijani.

Si kijani cha shambani. Kilikuwa hafifu tu, kwenye ncha za majani ya sahani ya mbele. Lakini ngano ya Alhamisi Kuu huoteshwa gizani, katika sahani za pamba iliyolowa, itoke ndefu na laini, rangi ya nta, kisha hufungwa utepe mwekundu ikawekwa mbele ya altare. Ikipata ukijani, ni nyasi kama nyasi nyingine. Na kwa miaka thelathini na minne, ngano ya Gavina haikuwa na mfano parokiani.

"Kuna mtu anaifungulia," akanong'ona.

Nyumbani walikuwa watatu. Mwanawe Predu alitoka alfajiri kwenda kukamua kondoo, na hakujua hata kabati lile lina milango mingapi. Akabaki Marinella, mke wa Predu, aliyehamia hapo Januari na aliyekwenda kila siku mjini Oristano kufundisha sayansi. Tena huyo ndiye aliyeziona mbegu zilipoanza kuchipua, akacheka: "Mama, mbona mnafuga wagonjwa weupe hivi?"

Kicheko kile kilimkaa Gavina kooni. Tangu siku ile hakuacha kuichungulia ngano yake.

Billia, jirani yake, alipokuja kunywa kahawa, akachochea: "Shoga yangu, mimi simsemi mtu. Ila mwanamke anayefua mapazia Jumatano, siku isiyo ya kufua, ana jambo lake."

Basi Gavina akazidisha ulinzi. Alibandika unywele kwa mate kwenye mlango wa kabati. Kila alipokuja aliukuta palepale, lakini badala ya kutulia, akazidi kushuku: ameshaujua, huyo, anaurudisha! Kila baada ya saa mbili aliwasha tochi, akainamia sahani moja moja kutafuta alama za vidole. Na kijani kikazidi kupanda.

Jumapili, wakiwa mezani, akashindwa kujizuia.

"Marinella, unatafuta nini kabatini mwangu?"

"Kabati gani, mama?"

"Usijifanye hujui. Mwizi wa giza wee!"

"Mama!" Predu akaweka kijiko chini.

"Acha aseme," Marinella akasema. Uso wake ulikuwa umemwiva. "Nionyeshe huo wizi."

Gavina akamwongoza hadi chumba cha nyuma, akafungua kabati, akamulika sahani zote kwa tochi yake, taratibu, kama hakimu anayeonyesha ushahidi.

Marinella hakutazama ngano. Alitazama tochi.

"Zima hiyo, mama. Miaka yote ulikuwa ukiingia mara ngapi?"

"Mara moja kwa siku mbili. Kumwagilia. Gizani, kwa kupapasa."

"Na mwaka huu?"

Gavina akaizima tochi. Kisha akafoka: "Kwa sababu yako! Na tochi si jua!"

"Jani haliulizi mwanga umetoka wapi. Likiwa gizani linaandaa ukijani wake karibu wote, likabakiza hatua moja. Ndani yake kuna kimeng'enya, hicho ndicho fundi wa hatua hiyo. Kimeshika kazi mkononi, kinangoja mwanga tu. Ukimulika, kinamaliza papo hapo. Ukizima, jani linaandaa kazi nyingine. Ukirudi baada ya saa mbili, fundi yuko tayari tena."

"Maneno ya shuleni."

"Sawa. Bado siku kumi na moja. Otesha upya, masanduku mawili ya kufuli. Moja lichungulie upendavyo. La pili mwagilia kama zamani, bila taa. Funguo zote kaa nazo wewe. Mimi nakwenda kulala kwa dada yangu."

Akafungasha begi, akaondoka jioni ileile. Predu hakumsemesha mama yake siku mbili.

Gavina akaotesha. Sanduku la kwanza alilimulika asubuhi, mchana na jioni. Mbegu zilipochipua, siku ya sita ncha zikaanza kugeuka. Funguo zilikuwa shingoni mwake na Marinella hakuwapo. Akamshuku Billia. Akamshuku hata Predu, akamkagua vidole alipokuwa akinawa.

"Unanitazama nini, mama?"

"Hakuna."

Asubuhi ya Alhamisi Kuu alifungua sanduku la pili, dirisha likiwa wazi. Ngano ilikuwa fupi kuliko ya miaka mingine, lakini ilikuwa rangi ya nta toka shina hadi ncha. Gavina akakaa sakafuni. Hakuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Kanisani Billia akamsogelea. "Vipi, ulimkamata?"

"Nilimkamata."

"Ni yeye?"

"Ni mimi."

Billia akacheka, akidhani ni utani. Gavina hakucheka. Alitoka nje, akampigia simu Marinella.

"Rudi nyumbani, mwanangu."

"Uliniita nani mbele ya mume wangu?"

"Mwizi." "Nilikosea. Predu nimeshamwambia, na Billia pia."

Simu ikakatika.

Jumapili ya Pasaka Marinella alikuja, akachelewa, akaketi upande wa Predu, mbali na mama mkwe wake. Alikula mwanakondoo akizungumza na Predu tu. Gavina alipoinuka na chupa ya divai kumjazia, Marinella akafunika bilauri kwa kiganja. Gavina akasimama palepale, chupa mkononi, wala hakumsihi.

Baada ya muda Marinella akaondoa kiganja.