Mafundo Yasiyo na Mkia

Joto lilipoanza kushika, nyanya za uani zilirefuka kwa fujo kama watoto walioachiwa nyumba. Zilikuwa mistari mitatu, kutoka bombani hadi ukutani, na kila mche ulikwisha kuanza kulala upande ukitafuta pa kuegemea. Miaka mingine yote, kufikia wakati huo zingekuwa zimesimama wima, zimefungwa kwenye vijiti vyake. Mwenye nyumba alikuwa fundi wa majukwaa ya ujenzi. Wenzake walikanyaga miti aliyoifunga yeye, wakapaka rangi na kupiga lipu huko angani, na hakuna aliyewahi kuanguka kwa sababu ya fundo lake. Mtaani walimwita Bwana Juu, maana kila aliyemfuata nyumbani kumuulizia aliambiwa yuko juu.

Sasa alikuwa chini. Kiharusi kilimpitia wakati wa baridi. Ulimi kilimrudishia, na mguu kwa shida, lakini mkono wa kulia kikauacha unaning'inia ubavuni kama sweta iliyosahauliwa kwenye kiti.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa chini ya dirisha linalotazama uani. Kwa hiyo kila kilichofanyika kule bustanini alikiona, apende asipende.

Alimwona pia mumewe alipoteleza pale bombani, akakaa kwenye tope kwa muda mrefu kabla ya kukubali kuinuliwa. Habari hiyo ilimfikia mwana wao mkubwa, msimamizi wa ghala, ambaye alikuja siku ya pili kula chakula cha mchana na kutoa hotuba. Alisema wazazi wake hawawezi kuendelea kukaa peke yao. Chumba cha nyuma cha nyumba yake, ghorofa ya nne, kiko wazi. Bustani waiachie upepo. Baba mtu alitafuna, kisha akamuuliza kwa nini anamzika ilhali yeye bado anakula. Maneno yakapanda, mpaka yakaishia kwenye ahadi ya kiume: Bwana Juu akizifunga nyanya zote kwa mkono wake mwenyewe kabla ya Jumapili, habari ya kuhama haitatajwa tena. Akishindwa, watahama bila ubishi. Wakapeana mikono, baba kwa ule wa kushoto.

Mama wakati huo alikuwa anapakua mchuzi. Hakuna aliyemtazama. Akaendelea kupakua.

Ile ghorofa ya nne aliijua. Aliwahi kukaa huko wiki nzima wakati mjukuu alipozaliwa. Cherehani yake iliwekwa kwenye korido, mahali ambapo hata mchana taa lazima iwake, na kila alipokanyaga pedali mpangaji wa chini aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Wateja wake wangepanda ngazi zote zile kwa ajili ya kupunguza kiuno cha gauni? Alijua jibu. Kwake yeye, kuhama kulikuwa na maana moja tu: kuacha kazi.

Siku ya kwanza mumewe hakufunga hata mche mmoja. Kijiti kilianguka, akakiokota, kamba ikaanguka, akaiokota, kijiti kikaanguka tena. Mke alitoka kumshikia. Akaambiwa arudi kwenye cherehani yake, na akarudi huku akisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu kiburi chao hakikupata kiharusi.

Lakini mzee alipiga moyo konde. Siku ya pili alitandika gunia, akapiga goti la mguu mzima, akakibana kijiti kwa paja. Kamba alikuwa ameikata vipande mapema na kila kimoja amekitia kitanzi upande mmoja, kazi iliyomchukua jioni nzima mezani. Alipitisha kitanzi nyuma ya kijiti, akaingiza ncha ndani yake, akavuta kwa meno. Kisha akauzungushia mche kamba kwa ulegevu, mfano wa tarakimu ya nane, ili shina lisinyongwe likinenepa. Mche ukasimama. Mke nyuma ya dirisha alijikuta ameshona ukingo wa sketi ya watu upogo, akaufumua.

Ikawa hivyo, mche kwa mche, na midomo ikachubuka kwa kamba ya katani. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha Jumamosi mchana. Mzee akaingia kujinyoosha kidogo, usingizi ukambeba.

Mke alimsikiliza anavyokoroma. Akachukua mkasi na bunda la kamba, akatoka. Mstari wa tatu wote aliufunga yeye, kwa vidole vilivyozoea uzi, na alikuwa amekwisha rudi kwenye mashine mumewe alipoamka na kwenda uani akijikokota.

Alisimama mbele ya mstari wa tatu. Halafu akauliza, bila kugeuka, nani kafunga hizi.

"Si wewe?" mke alisema kupitia dirishani. "Labda umesahau."

Aliona uso wa mumewe alipogeuka, na papo hapo akatamani kulimeza lile neno. Mzee aliogopa. Aliutazama mkono wake mzima, akautazama mstari, kama mtu anayehesabu ni nini kingine ugonjwa umechukua bila yeye kujua. Mke akaacha mashine, akatoka mbio.

"Ni mimi. Hujasahau kitu. Ni mimi, ulipolala."

Mzee alipumua. Akainama, akashika fundo la kwanza. "Ningejua tu nikishatulia. Mafundo yako hayana mkia. Unakata ncha mpaka kwenye nyama, kama uko kwenye shati. Fundo langu lina mkia mrefu, anayekuja baada yangu alione na aweze kulifungua."

Akaomba mkasi. Mke akampa akidhani anataka kupunguza majani. Akakata fundo la kwanza, mche ukalala. Akakata la pili.

"Unakata nini wewe?"

"Sishindi kwa uongo. Yule kijana nilimlea kwenye kamba. Atajua."

"Hicho unachokata ni nyumba yangu," mke alisema. "Ni cherehani yangu, na lile dirisha."

Mkasi ukasimama. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Mzee alibaki ameinama, akifikiri. Kisha akakata la tatu, polepole, na akaendelea hadi mwisho. Mke aliingia ndani.

Jumapili mwana akaja na pikapu iliyojaa maboksi matupu. Mstari wa tatu ulikuwa bado, isipokuwa miche michache ya mwanzo aliyokwisha kuifunga upya mzee mwenyewe. Mwana hakujisifu. Alipita mistari akivuta kijiti kimoja kimoja, na hakuna kilichocheza.

"Huu haujaisha," baba alisema. "Umeshinda."

"Kashinda nini?" Mama alikuwa mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Mlipopeana mikono mimi nilikuwa napakua. Mkono wangu haukuwemo."

"Mama, lakini baba mwenyewe amekubali."

"Basi mchukue. Nguo zake nimeshazipiga pasi. Mimi nabaki."

 Hilo baba na mwana hawakuwa wamelipangia.

"Na nyanya?" mzee aliuliza.

"Nitazifunga mimi, kwa mafundo yangu."

"Utazinyonga."

"Kaa uzilinde, basi."

Mwana alisugua paji la uso. Akauliza, kwa upole sasa, itakuwaje baba akianguka tena. Mama akamwambia hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa tangu mwanzo. Baba yake anateleza kati ya mlango na bomba, mahali pamoja, siku zote. Stoo imejaa miti ya majukwaa. Akitaka kusaidia, avue koti, aweke miti ya kushikilia kutoka mlangoni hadi bombani, na kila Jumapili aje aikague.

Mwana aliupima kwa macho umbali hadi bombani. Kisha akavua koti.

Mzee alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaamuru. Mti wa kwanza ulifungwa na kufunguliwa mara kadhaa kabla hajaridhika. Mama aliyashusha maboksi, akayachana, akayalowesha, akayatandika kati ya mistari ili udongo usikauke upesi. Mwana alipolalamika kwamba ameyaazima ghalani, alijibiwa kwamba ghala haliwezi kukosa maboksi.

Mstari wa tatu uliisha Jumatano. Mke alishika vijiti, mume alifunga, na walibishana njia nzima mpaka ukutani.